Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vituo vya ski: fungeni lifti mapema, mseme kweli, mturudishie pesa

Waheshimiwa wakurugenzi, mameneja wa milima na wakuu wa lifti,

Naandika kama mteja wenu, mmoja wa wale wanaopandishwa mlimani na lifti zenu za kamba za chuma ili washuke wakiteleza juu ya theluji kwa ski. Nanunua tiketi zenu, napanga likizo kwa kufuata theluji yenu, na nimeshasimama mara nyingi mbele ya ule ubao wa taa pale kituo cha chini nikitazama safu nzima ya taa nyekundu za lifti zilizofungwa. Sitaki kuwalaumu kwa kufunga. Nataka mfunge, na siku nyingine mfunge mapema kuliko mnavyofanya sasa. Ninacholalamikia ni jinsi mnavyofunga: mnachelewa kusema, mkisema mnasema nusu, na pesa mnabaki nazo. Kama mnadhani hayo ni mambo ya dawati la wateja tu, nawaomba msome barua hii hadi mwisho, maana mimi naamini yanagusa usalama wa kila anayepanda.

Nianze na upepo, kwa kuwa ndio unaofunga lifti nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndio ambao sisi wateja tunauelewa kidogo kuliko vyote. Mtu aliyesimama chini haoni upepo wa juu. Chini kuna miti na majengo, bendera inapepea kwa uvivu, jua huenda linawaka. Juu, nguzo ya mwisho imesimama kwenye ukingo mtupu usio na cha kuukinga. Na msukumo wa upepo hauongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hiyo upepo wa kilomita 70 kwa saa una msukumo mara nne ya ule wa kilomita 35 ambao asubuhi haukumtisha mtu.

Mlima wenyewe wala hauhitaji kuwa mrefu sana. Kilele cha Cairn Gorm huko Scotland, ambao una kituo cha ski ubavuni mwake, hakifiki hata mita 1,300. Lakini Machi 1986 kipimo cha pale juu kilisoma upepo wa ghafla wa maili 173 kwa saa, yaani karibu kilomita 278.

Sasa angalieni kile tunachokipanda. Lifti ya viti ya kwanza ilifunguliwa Sun Valley, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1936, na mhandisi aliyeibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alichukua wazo lake kutoka kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Tangu wakati huo viti vimewekewa mito, vikaongezwa upana, vikapewa mwendo wa kasi na vishikizo vinavyoachia kamba vinapoingia kituoni. Kimsingi bado ni kitu kile kile: kiti kinachoning'inia kwa mkono wa chuma kwenye kamba inayotembea, na hakuna kinachokishika kwa pembeni. Upepo wa mbele au wa nyuma kinaweza kuuvumilia. Wa ubavuni unakibembeza kuelekea nguzo, au kinafika kituoni kikiwa kimeinama na kukataa kuingia kwenye njia yake.

Tena vinavyosumbua zaidi ni viti vitupu, kwa kuwa ni vyepesi. Nimesikia wateja wakisema, tena kwa kujiamini, kwamba wakikaa wanne kwenye kiti kimoja hawatabembea. Wanausahau upande wa pili wa lifti, ule unaoshuka bila mtu hata mmoja. Na vile viti vyenye kifuniko cha plastiki tunavyovipenda siku za baridi kali, kifuniko kikifungwa siku ya dhoruba hukamata upepo kama tanga.

Kamba nayo inaweza kusukumwa hadi ikatoka kwenye magurudumu yake. Najua kuna vyuma vya kuidaka ikitoka, na kuna vile vijiti vinavyovunjika na kukata umeme ili lifti ijisimamishe. Nashukuru vipo. Lakini hivyo ni kinga ya mwisho, na lifti iliyojisimamisha huku viti vimejaa watu ni mwanzo wa taabu nyingine. Ipo injini ya akiba ya kuwarudisha. Nayo ikigoma, au kamba ikiwa imetoka mahali pake, kila mtu anashushwa kwa kamba, kiti baada ya kiti, na kazi hiyo inaweza kula saa nyingi. Baridi ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo kilomita 60 kwa saa, ngozi inaihisi kama nyuzi 23 chini ya sifuri. Mfikirie mtoto aliyekaa huko juu katikati ya nguzo mbili, miguu inaning'inia na viatu vizito vya ski, akisubiri zamu yake. Mkuu wa lifti anayefunga asubuhi kabla hajapanda mtu anamwepusha mtoto huyo na hayo yote, na hakuna atakayemjua wala kumshukuru.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mnaogopa kupita kiasi. Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ya lifti siku ya upepo inayo, na kinga yake ni kufunga.

Tarehe 15 Aprili 1978, kwenye bonde la California lililokuwa mwenyeji wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1960, behewa kubwa la kebo, yaani lile linaloning'inia kwenye kamba za chuma na kubeba watu wengi kwa pamoja, lilikuwa linatembea alasiri wakati wa dhoruba. Likachomoka kwenye moja ya kamba zinazolibeba, likaanguka, likarushwa tena juu, na kamba ikalipasua hadi ndani. Watu 4 walikufa na wengine 30 na zaidi walijeruhiwa. Tarehe 28 Desemba 2010, katika kituo cha Sugarloaf jimbo la Maine, ilikuwa siku ya upepo mkali na baadhi ya lifti zilichelewa kufunguliwa. Moja kati ya zile zilizofunguliwa kamba yake ilitoka kwenye magurudumu ya nguzo, viti vikaanguka na watu wakiwa juu yake. Hakuna aliyekufa siku ile. Walioumia walipelekwa hospitali, na zaidi ya watu 100 walibaki wakining'inia kwenye viti vingine hadi waliposhushwa. Siyaleti haya kumlaumu mtu. Nayaleta kwa sababu katika siku kama hizo mtu fulani alisimama mbele ya mitambo na kujiuliza, tufungue au tusubiri? Swali hilo linaulizwa kwenye milima yenu karibu kila wiki ya msimu.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Huyo anayejiuliza, mnamwacha ajibu kwa uhuru?

Msimu mmoja niliona jambo kwenye kituo ambacho sitakitaja. Lifti kubwa ya kwenda juu ilikuwa imefungwa kwa kamba ya njano, na hatua chache tu kutoka pale dirisha la tiketi lilikuwa linauza tiketi za siku nzima kwa bei kamili. Aliyekuwa dirishani hakuambiwa aseme neno. Watu walilipa, wakabeba ski zao mabegani, wakaja kugonga mwamba kwenye ile kamba ya njano. Alikuwepo kijana mmoja wa lifti, skafu yake imeganda barafu pale anapopumulia, redio kifuani. Baba mmoja mwenye watoto wawili alimfokea mbele ya foleni nzima: nimelipa, upepo mnaousema uko wapi? Akanyoosha kidole kwenye bendera. Kijana akaminya redio, akauliza, akajibiwa neno moja: subiri. Akalirudia kwetu lile neno. Watu wakaanza kuzomea.

Baadaye lifti ikafunguliwa. Tukapiga makofi, nami nikiwemo kwenye foleni ile. Haukupita muda mrefu ikasimama na watu wakiwa njiani, ikaanza tena kwa mwendo wa kobe, ikasimama tena. Yule kijana hakutazama foleni tena. Aliinua uso, akawa anavitazama viti kimoja kimoja vikibembea kuelekea kwenye nguzo ya tatu, midomo ikienda kama anayehesabu, hadi kiti cha mwisho chenye mtu kilipofika juu. Kisha akafunga kamba yake ya njano bila kumwangalia mtu usoni.

Sisemi lifti ile ilifunguliwa kwa sababu ya kelele zetu. Nasema hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo wa kutuhakikishia kwamba haikuwa hivyo. Na kelele zile mlizitengeneza ninyi. Yule baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuziwa kitu ambacho muuzaji alijua, au alipaswa kujua, kwamba huenda hakitakuwepo, na alijua kabisa kwamba harudishiwi hata senti. Mtu wa namna hiyo ana njia moja tu ya kuokoa pesa yake, nayo ni kushinikiza lifti ifunguliwe. Masharti ya tiketi zenu yanamfanya kila mteja awe adui wa uamuzi wa usalama, halafu mnamweka kijana mwenye redio akae katikati.

Kwa hiyo ninapoomba turudishiwe pesa siombi upendeleo. Naomba muondoe shinikizo. Mteja anayejua kwamba lifti kubwa zikifungwa hadi mchana atapunguziwa, au atapewa siku nyingine, atanung'unika kidogo, kisha atakwenda kunywa kitu cha moto. Hatamfokea mtu. Na wala msiniambie kwamba hesabu ni ngumu. Kadi zenu zina chipu, mageti yanafunguka yenyewe zinapokaribia, na kila mtu akipita mfumo unaandika ni geti gani na saa ngapi. Mnajua kwa dakika lifti ipi ilisimama na ni nani alikuwa na tiketi siku ile. Mnatumia taarifa hizo hizo kututumia matangazo msimu ukiisha. Zitumieni na kuturudishia kilicho chetu, bila kutupangia foleni ya kujaza fomu.

Wenye pasi ya msimu nao wasisahaulike, ingawa kwao nakubali suala ni tofauti, kwa kuwa anayenunua msimu mzima amenunua pamoja na dhoruba zake. Anayeonewa zaidi ni mtu wa siku moja au wiki moja, aliyelipa mapema kwa sababu mliahidi bei nafuu kwa anayewahi. Huyo mlimtaka alipe kabla hata utabiri haujatoka, kisha hatari yote ya hali ya hewa mkamtwika yeye.

Iko pesa nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni mshahara wa huyo huyo kijana. Pale ambapo mhudumu wa lifti analipwa kwa saa na anarudishwa nyumbani bila malipo lifti ikifungwa, mmempa sababu ya kutamani isifungwe. Anayepaswa kuwa wa kwanza kusema "simamisha" asipoteze posho yake kwa kulisema. Hili mnaweza kulirekebisha kwa waraka mmoja, na lingenipa imani zaidi kuliko tangazo lolote la usalama mnaloweka ukutani.

Mtaniambia kwamba wataalamu wenu hawasikilizi pesa. Wengi wao nawaamini. Lakini tumeshaona pesa inaweza kufika wapi. Tarehe 23 Mei 2021, kwenye kebo ya Stresa kwenda Mottarone nchini Italia, kamba ilikatika na behewa likarudi nyuma kwa kasi hadi likaanguka. Kati ya watu 15 waliokuwemo, 14 walikufa, akabaki mtoto mmoja. Hali ya hewa haikuhusika. Wachunguzi walikuta kwamba breki ya dharura, ambayo ingelishika behewa lile, ilikuwa imezuiwa kwa vyuma isifanye kazi, kwa sababu ilikuwa ikisumbua na kusimamisha huduma. Uamuzi wa namna ile hauzaliwi siku moja. Unatangulizwa na siku nyingi ambazo kusimama kulionekana ni hasara na kuendelea ndiyo kazi. Mkuu wa lifti anayepigiwa simu na ofisi ya mauzo kuulizwa "mnafungua saa ngapi?" anasukumwa kwenye njia hiyo hiyo, hata kama aliyepiga simu hakuwa na nia mbaya. Simu hiyo ipigwe marufuku. Taarifa itoke mlimani kwenda ofisini, na ofisi isubiri kama sisi.

Hofu yangu inaongezeka kwa sababu misimu inazidi kuwa mifupi, hasa milima ya chini ambako theluji inachelewa kuja na inawahi kuyeyuka. Kila siku ya wazi inabeba hesabu kubwa zaidi kuliko zamani. Siku nne za kufunga katika msimu mrefu mlikuwa mnazimeza. Katika msimu uliopungua mwezi mzima, siku hizo nne zinauma, na maumivu hayo yatafika mlimani msipoweka ukuta.

Nije kwenye kusema kweli. Maneno "imefungwa kwa sababu ya hali ya hewa" hayatoshi. Hali ipi? Upepo, barafu iliyoganda kwenye kamba na magurudumu, radi, au hatari ya maporomoko ya theluji? Kila moja ina mwendo wake. Radi inaweza kupita kabla ya mchana. Barafu ya kwenye nguzo inataka mafundi wapande waigonge kwa mikono, nguzo baada ya nguzo, na hilo halina njia ya mkato. Mkituambia ni nini, tutajua kama tusubiri au tuwapeleke watoto kwenye bwawa la kuogelea.

Nguzo zenu zina vipima upepo, na namba zake zinasomwa kila dakika kwenye chumba cha mitambo. Ziwekeni kwenye ubao ule ule wa taa. Mtu akisoma kwamba nguzo ya juu inapigwa na upepo wa ghafla wa kilomita 85 kwa saa huku chini ni 15, hana tena haja ya kunyoosha kidole kwenye bendera. Pamoja na namba hizo andikeni saa ya uamuzi unaofuata: tutaangalia tena saa 5. Saa 5 ikifika semeni neno, hata kama neno lenyewe ni kwamba bado. Kinachochosha ni kuambiwa "subiri" kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana na watu waliokuwa wameshaona utabiri tangu jana yake usiku. Utabiri ukiwa mbaya kiasi kwamba mnajua juu hakutafunguka, tangazeni usiku huo huo, kabla watu hawajaingia barabarani na magari yao kwenye theluji. Najua mnaogopa kwamba watu hawatakuja. Basi wasije.

Kuna hali moja ambayo inahitaji maelezo yenu kuliko zote, na ndiyo mnayoieleza kidogo kuliko zote. Ni ile siku ya baada ya dhoruba. Anga ni la buluu, hewa imetulia, theluji mpya imejaa hadi magotini, na lifti bado imefungwa. Hapo hasira za wateja hufika kileleni, na ndipo ninapotamani msilegeze hata kidogo. Upepo uliotuzuia jana ulikuwa unahamisha theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, kwenye miteremko iliyojificha nao, ikatengeneza tabaka zito lililolala juu ya tabaka dhaifu. Tabaka hilo linaweza kukatika kwa uzito wa mtu mmoja. Kabla hamjatupandisha, kikosi cha doria kinatoka alfajiri, gizani, na baruti, kikalipua mteremko mmoja baada ya mwingine ili kinachotaka kuporomoka kiporomoke kukiwa hakuna mtu. Baruti isipolipuka, wanasubiri, na sheria zao haziwaruhusu kuikaribia haraka. Njia za lifti nazo nyingine zinapita chini ya miteremko hiyo hiyo.

Watu wale wanafanya kazi ambayo hatuioni, tukiwa bado tunakunywa chai. Tuonyesheni. Ramani moja kwenye ubao ikionyesha mteremko gani umeshalipuliwa na upi bado ingetosha kuitoa hasira yote kwenye foleni. Mtu akiona kazi inaendelea haulizi kwa nini hamfanyi kazi.

Wala tusijifanye kwamba theluji inajua mpaka kati ya uwanja wenu na vijiji. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji nzito, poromoko lilishuka hadi ndani ya kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31, wengi wao wakiwa wageni waliokuwa wamekwama huko kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa. Januari 2018, wageni wapatao 13,000 walizuiwa Zermatt, Uswisi, barabara na reli zote zikiwa zimefungwa na hatari ya maporomoko ikiwa kwenye daraja la 5, la juu kabisa katika vipimo vya Ulaya. Helikopta zilibeba baadhi yao. Waliobaki walisubiri, wakalala salama. Hakuna aliyefurahia kusubiri kule, na bado huo ndio uamuzi ninaotaka kuuona kila mara.

Nigusie na siku za nusu, zile ambazo juu kumefungwa na lifti mbili tatu za chini, zilizojificha kwenye miti, zinafanya kazi. Mkiendelea kuuza tiketi kama vile mlima wote uko wazi, watu wote wanasongamana kwenye miteremko miwili, wanaojifunza pamoja na wanaokimbia kama risasi, katika ukungu. Hapo hatari imehama tu kutoka kwenye kamba kuja chini. Punguzeni idadi ya tiketi siku hizo, na bei yake ishuke ilingane na kilicho wazi.

Mitambo bora ipo, na wenye uwezo waiweke. Funitel, ambayo behewa lake linashikwa na kamba mbili zilizoachana kwa upana, ilianza Val Thorens, Ufaransa, mwaka 1990, na inavumilia upepo ambao ungefunga lifti ya viti mapema sana. Mabehewa ya kamba tatu, kama yale ya Peak 2 Peak kule Whistler, Kanada, yaliyofunguliwa mwaka 2008, yanavuka zaidi ya kilomita 3 bila nguzo katikati. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini mtambo unaoweza kutufikisha juu katika dhoruba haumaanishi kwamba tukifika tutaona njia ya kushuka, wala kwamba doria itaweza kumtafuta aliyepotea. Mwenye mtambo imara anahitaji msimamo zaidi, kwa sababu hana tena kisingizio cha kamba.

Basi ombi langu ni hili. Andikeni kwenye masharti ya tiketi, kwa lugha ya kusomeka, lifti kubwa zikifungwa kwa muda gani mteja anarudishiwa kiasi gani. Andikeni kwamba mkuu wa lifti na mkuu wa doria wanaweza kufunga bila kumwuliza mtu wa mauzo, na kwamba mhudumu hakatwi malipo siku hiyo. Wekeni namba za upepo hadharani. Mengine mtayapanga wenyewe, mnaijua milima yenu kuliko mimi.

Tiketi za mapema za msimu ujao mtaanza kuziuza karibuni, kama kawaida, kabla theluji haijaanguka. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi kabla ya hapo, na sitalipa hadi nilisome.

Wenu,
Mteja wa mlimani